Ukucha wa Mama

Kisii, 1951

12 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nane mchana na kunikuta na mashine ya kushonea barazani. Nimeloa mimi, na gauni la mke wa karani limeloa pia. Daftari hili nililinunua niandike vipimo vya wateja. Kuanzia leo litabeba na mengine, maana nyumba hii imejaa maneno na mimi sina pa kuyaweka.

Baba amepata barua. Usman, mtoto wa kaka yake, anakuja kutoka Mandvi, mji wa pwani huko Kachi, Bara Hindi. Baba hajamwona mtu wa kwao tangu kabla sijazaliwa. Ameisoma barua mara nne leo, na kila akimaliza anaikunja, kisha anaikunjua tena. Mama akamuuliza, "Huyo mgeni anakula nini?" Baba akaikunjua tena.

15 Machi

Tumepaka chokaa. Baba amesema mgeni atalala chumba cha mbele pamoja naye, na mama ahamie kwangu, chumba cha nyuma karibu na jiko. "Ni wiki chache tu," alisema, akiutazama ukuta. Mama amechukua mto wake na kanga zake bila neno. Mimi neno nilikuwa nalo, lakini mama alinikata jicho.

17 Machi

Amefika. Mwembamba, miwani, kofia nyeusi, na sanduku la bati lenye karatasi nyingi kuliko nguo. Kwao ni mwalimu. Wazee wa jamaa wamemtuma aandike kitabu cha tarafa yao yote: mji, vijiji vya pwani, visima, misikiti, vyakula, harusi, na mwishoni majina ya wote waliokwenda ng'ambo, kila mmoja na karatasi yake. Amekwisha kuzunguka Mombasa na Kisumu. Kisii ndiko mwisho wa safari.

Tulipoleta chakula, Baba alitutambulisha kwa Kikachi. Akamwonyesha mama: "Huyu ndiye anayenifungia vitambaa." Akanionyesha mimi: "Na huyu anashona." Nikangoja. Nilidhani ameanza na kazi na undugu utafuata. Haukufuata. Mgeni alitikisa kichwa kwa adabu na kunyoosha mkono kwenye sahani. Kikachi nakijua tangu nikiwa mgongoni, na mama anakijua zaidi yangu. Aliendelea kuchota mchuzi.

Mgeni alimpa Baba karatasi yake aijaze. Baba aliitia mfuko wa koti.

18 Machi

Nimemwambia mama twende tukamwambie mgeni sisi wenyewe. Akasema, "Mwache. Ameona haya. Atasema mwenyewe." Nikamuuliza haya gani, ya miaka ishirini na saba? Amenituma maji.

20 Machi

Binti wa Usman anaolewa mwezi wa saba, na Baba ameahidi kumpelekea shela ya harusi, bandhani ya kweli, kitambaa cha mafundo, ili Mandvi wajue yeye Jusabu bado ni fundi.

Niseme kazi hii ilivyo, kwa kuwa nina hasira na hasira inataka kueleza. Baba anachora maua kwenye kitambaa cheupe kwa udongo mwekundu, nukta kwa nukta. Kisha mwanamke anaibetua kila nukta kwa ukucha na kuizungushia uzi hadi iwe fundo dogo kama punje ya wimbi. Kikitumbukizwa kwenye rangi, ndani ya fundo rangi haiingii. Nukta nyingine zinafungwa, rangi ya pili, nukta nyingine, rangi ya tatu. Mwanamume hafungi. Kwao tangu enzi na enzi mwanamume ni wa rangi, mwanamke ni wa uzi. Nacho kitambaa kinatolewa na mafundo yake yote, kimejikunyata kama ngozi ya kizee, hadi watu wa bibi harusi wakivute wenyewe kifunguke.

Mama alifundishwa na Baba walipooana. Ana ukucha mmoja mrefu, wa kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Vidole vilivyobaki ni vya mkulima. Akienda kwao Kiogoro kumsaidia ndugu yake kupalilia anakishika kile kidole juu ukucha usivunjike, na wanawake wa kule wanamcheka kwamba analima kama mzungu anayekunywa chai. Mimi ukucha wangu haukui, unakatika. Kwa hiyo mafundo yote ya nyumba hii ni ya mama. Shela hii ina maelfu.

24 Machi

Mvua. Mama anafungia mlangoni kupata mwanga. Usman anamruka kwenda chooni.

29 Machi

Usman ameona mwandiko wangu wa Kigujarati kwenye vibandiko vya rangi za Baba. Ameniomba nimnakilie kurasa zake kwa usafi, zake zimejaa mikwaruzo. Amesema fundi amefanya vyema kumfundisha msichana wa kazi. Msichana wa kazi! Nilitaka kumrushia kidau cha wino. Nimekubali, ili nione anaandika nini.

4 Aprili

Sasa naijua Mandvi kuliko ninavyoijua Keumbu, hapa jirani. Nimenakili ukuta wa mji na malango yake. Nimenakili mto ambako maseremala wanaunda majahazi bila ramani, kwa macho tu. Nimenakili mikate ya mawele inayoliwa kwa kitunguu saumu na maziwa ya mtindi, na wanawake wanaokaa vizingitini asubuhi na uzi, wakifunga huku wakisengenya.

Mengi ameyataja Baba. Anakaa mbele ya Usman na chai inapoa, macho yanamng'aa. Anakumbuka jina la punda wa muuza maji. Anakumbuka ni mlango gani ulikuwa na ufa. Mwanamke aliyekaa kizingitini mwake mwenyewe na uzi hamkumbuki, na yuko hatua tatu kutoka alipo.

9 Aprili

Rangi ya manjano imeshika vizuri. Mama amesema "alhamdulillahi." Baba amesema maji ya Mandvi yangeshika zaidi.

18 Aprili

Mvua ya mawe. Shela ilikuwa kwenye kamba uani, imetoka kwenye rangi nyekundu. Mama alikimbia nje na sinia kichwani akaiokoa, mawe yakimpiga mabegani. Pembe moja tu imeingia doa. Baba alitoka akaliona doa, hakuyaona mabega. Akamfokea mbele ya mgeni: "Wewe mwanamke, una macho ya nini?"

Katika maisha yangu sijapata kumsikia akimwita hivyo. Humwita Mama Batuli, kwa jina langu. Sasa amekuwa "wewe mwanamke." Mama alimjibu taratibu, kwa Kiswahili, "Nitaongeza mafundo hapo. Doa litakuwa ua." Na amefanya hivyo, mpaka jua linazama. Mabega yake nimeyakanda kwa maji moto. Yana alama za bluu.

Usman alikuwa amesimama mlangoni na taulo lake. Alimpa mama. Sijui nimfikirie vipi mtu huyu.

27 Aprili

Leo nimecheka kwa hasira, kama hilo linawezekana.

Baada ya swala ya Ijumaa amekuja mjomba Nyasani kutoka Kiogoro, matope hadi magotini, na mkungu wa ndizi begani. Aliingia moja kwa moja chumba cha mbele alikokaa Baba na mgeni.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Ile ngombe yako ya mwisho, ile nyeusi, kitukuu yake imezaa tena! Mapacha! Mimi nasema wacha nikuje niambie shemeji yangu!"

Ng'ombe wale Baba aliwapeleka Kiogoro mwaka wa ishirini na nne kumwoa mama, na kule hakuna asiyejua. Mtoto wa miaka mitano wa Kiogoro atakuonyesha ng'ombe wa ukoo ule akwambie, "Hawa ni wa Jusabu." Usman, ambaye Kiswahili chake kinaishia "maji" na "asante," akamuuliza Baba kwa Kikachi ni nani huyu. Baba akasema, "Muuza ndizi."

Mjomba aliendelea kutabasamu, hakuelewa. Akakaa, akaomba chai. Nikaenda jikoni nikamwambia mama: kaka yako ni muuza ndizi sasa. Mama alikuwa amebana uzi kwa meno. Aliutoa, akasema, "Mpe chai kwenye kikombe kizuri." Kisha akasema, "Yaya." Hiyo ni hapana ya Kikisii, na hakuwa ananijibu mimi.

30 Aprili

Nimenakili sura ya harusi. Bibi harusi anavaa nyekundu na manjano, yenye mwezi katikati na bustani pembeni. Imeandikwa kwamba kazi hii haiwezekani kufanywa popote nje ya tarafa ile, kwa kuwa ufundi wake umo katika damu.

3 Mei

Mvua. Sikuandika kitu kwa Usman. Nimemwambia naumwa mkono.

9 Mei

Leo imebaki sura ya mwisho, watu wa ng'ambo. Usman alinipa bahasha ya karatasi walizojaza wenyewe, akaenda msikitini. Nikaanza. Mombasa, fulani bin fulani, muuza nguo, mke fulani, watoto watano na majina yao. Kisumu, fulani, fundi saa, mke ni wa hapa hapa, jina lake la Kijaluo kabisa, watoto watatu. Nikaona basi, kumbe inawezekana, watu wanaandika. Moyo ukanitulia kidogo. Nikafungua ya Kisii.

Mwandiko ni wa Baba. Ule ule alionifundishia, na ule mkia anaouvuta mwisho wa neno. Tarehe ni kumi na nane Machi, kesho yake ya siku mgeni alipofika, siku mama aliponiambia atasema mwenyewe.

Jusabu bin Haji Umar. Fundi rangi. Kisii, Kenya. Mke: hana. Watoto: hana.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Niliangalia nyuma ya karatasi, sijui nilitafuta nini, labda sisi. Nyuma hakuna kitu.

Wiki nane nimemchukia Usman. Nimemchukia kwa miwani yake, kwa anavyomruka mama mlangoni, kwa kuniita msichana wa kazi. Kumbe mtu wa watu ameambiwa na ami yake kwamba sisi ni wafanyakazi, na amefanya wanavyofanya wageni wenye adabu, amekubali. Mimi namwambia nani sasa? Nilikuwa nikiamka na hasira yangu ikijua njia, inakwenda chumba cha mbele kitanda cha kulia. Leo inabidi iende kitanda cha kushoto, na huko analala mtu aliyenibeba shingoni kunipeleka hospitali nilipopata surua.

Nilimkuta Baba uani anakoroga rangi. Nikamwonyesha karatasi.

Akafuta mikono. "Mwaka wa ishirini na tatu nilimwandikia mama yangu kwamba sitaoa mpaka nirudi nyumbani," akasema. "Mwaka uliofuata nikaoa. Sikumwambia. Akafa akiniombea mke. Sasa nimwambie Usman nini? Kwamba nilimdanganya mzazi mpaka kaburini?"

"Kwa hiyo utamdanganya na Usman."

"Ni karatasi tu, Batuli. Wao wako mbali. Hapa kila mtu anajua."

Nikamwambia, "Baba, hicho ni kitabu. Hapa tukifa sote, hapo utabaki wewe peke yako." Akarudi kwenye rangi yake. Mgongo wake ulikuwa wa mzee. Nilimhurumia kwa kadiri ya pumzi moja, kisha nikakumbuka mabega ya mama na huruma ikaisha.

10 Mei

Nimemwambia. Mama alikuwa mlangoni, nilikaa chini kando yake nikamsomea, neno kwa neno, kwa kuwa hakusoma. Ukucha ulikuwa umebetua nukta. Alizungusha uzi mara sita, akaukaza, ndipo akaniuliza.

"Ameandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake, mama."

Akaangalia mvua. Akabetua nukta nyingine. "Imebaki mistari miwili," akasema.

Nilimwambia aitupe shela ile jikoni iungue. Nilimwambia mengi, mengine sitayaandika. Akasema kazi iliyoanzwa na yeye itamalizwa na yeye, na nikitaka kumsaidia nimpunguzie kelele.

14 Mei

Mvua.

15 Mei

Mvua. Baba amemletea mama sukari guru kutoka sokoni. Mama ameikabidhi kwa paka.

19 Mei

Rangi ya mwisho. Imeiva kama damu ya mzee. Baba alipiga kelele za furaha uani na kumwita Usman aje aone. Usman aliyagusa mafundo akasema hajaona madogo namna hii hata Mandvi. Akauliza nani amefunga. Baba akasema, "Si nilikuambia? Nimemfundisha mimi."

21 Mei

Luul, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe, ameagiza mitandio mitatu ya mafundo kwa ajili ya Idi. Wengine nao wameagiza. Baba amepokea yote, anaimba.

25 Mei

Ijumaa. Usman anaondoka kesho. Baada ya swala walikaa chumba cha mbele, Baba, Usman, na mjomba Nyasani ambaye mama alimwita yeye mwenyewe. Kitabu kilikuwa mezani kimefungwa kwa utepe, na ile bahasha juu yake.

Mama aliingia. Amevaa kanga mpya na ameibeba shela mikononi, imejikunyata na mafundo yake. Nyuma yake mimi. Aliiweka mbele ya Usman akakaa kitini. Kitini, si mkekani. Na akasema kwa Kikachi, kile Kikachi cha zamani alichofundishwa na Baba, ambacho miezi miwili yote Usman hakuwahi kukisikia kinywani mwake:

"Mwanangu, kitambaa cha binti yako kimekwisha. Kwenye pembe hii kulikuwa na doa la mvua, nimefanya ua. Amekifunga mke wa Jusabu. Andika."

Usman alivua miwani. Alinitazama mimi, akamtazama Baba, na uso wake ulibadilika mara tatu. Kisha akasimama, kama mtu anavyosimama kwa mke wa ami yake, akainamisha kichwa. "Nilimuuliza siku ya kwanza," akasema. "Mwanamke huyu ni nani? Akasema mfanyakazi. Ningemwambia mzee wangu anadanganya? Lakini nilipoona mawe yanampiga..." Akamgeukia Baba. "Ami, ni kweli?"

Baba aliangalia mikono yake. Ilikuwa myekundu hadi viwikoni. Tulingoja. Naapa nilimngoja kwa moyo wote, nikasema sasa, Baba, sasa. Akaificha mikono chini ya meza.

Mjomba akaniuliza kwa Kikisii kuna nini, nikamwambia. Akageuka. "Ati nini? Hana bibi? Na zile ngombe alileta kwetu zilikuja kutembea?"

Mama akanyoosha mkono kwangu. Nilidhani anataka maji. Alikuwa anataka mkasi wangu wa kushonea. Nikampa.

Aliuweka mkono wa kushoto juu ya kitabu, akakinyoosha kidole cha mwisho, na akakata. Mkasi ulilia kwa sauti ndogo, tiki. Ule ukucha wa miaka ishirini na saba, uliobebwa juu kwenye matope ya Kiogoro, ulikaa juu ya bahasha kama kipande cha ganda la yai, na madoa ya rangi ndani yake.

"Fundi hana mke," akasema, akiusogeza ukucha kwa Usman. "Basi huyu mpeleke yeye. Mwandike huyu."

Hapo ndipo Baba alilia. Aliichukua karatasi yake kwenye bahasha, akachovya kalamu, akaandika huku anadondosha wino. Alimaliza akamsogezea mama. Mama akanisogezea mimi. "Soma."

Nikasoma: Mke, Kemuma binti Machogu, wa Kiogoro. Mtoto, Batuli.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. Akafunga kanga, akamwambia mjomba, "Twende, kabla mvua haijaanza." Mto wake ulikuwa tayari mlangoni.

26 Mei

Usman ameondoka na basi la asubuhi. Amenipa kalamu yake. Ameniita dada.

29 Mei

Nimekwenda Kiogoro. Mama anapalilia na vidole vyote vitano. Wanawake hawamcheki.

2 Juni

Luul amekuja kuulizia mitandio. Baba amesema bado.

4 Juni

Mvua imepungua. Ramadhani imekaribia. Baba amekuja barazani na kitambaa cheupe, nukta zimechorwa zote vizuri. Amekaa kwenye kile kizingiti cha mama, akajaribu. Anabetua, nukta inateleza. Anabetua, uzi unakatika. Kucha za mwanamume wa rangi zimeliwa na dawa, hazina ncha. Amejaribu tangu adhuhuri hadi alasiri na hajapata fundo hata moja.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Batuli, ukucha unachukua muda gani kukua?"

Nikasimamisha mashine. "Kamuulize mkeo," nikamwambia. "Yuko Kiogoro."